Masale Niliyoyafyeka Bulyaga

Siku yangu ya kwanza kazini, Mpima wa Wilaya alinikabidhi panga na fito iliyopakwa nyekundu na nyeupe. "Wewe ni mshika mnyororo," akaniambia. "Unavuta, unasimama, unanyamaza." Mnyororo ndio ulikuwa kipimo chetu cha umbali, wa chuma, mzito kweli. Ninyi mnaopima kwa setilaiti chekeni tu.

Bulyaga hii ya maduka ilikuwa kijiji, migomba kutoka mlango hadi mlango. Tulipima viwanja ili mji wa Tukuyu upate pa kupanukia. Kila pembe tulizika bikoni, yaani nondo ndani ya zege, na mgomba wowote uliomziba bwana mpima kwenye darubini niliufyeka.

Katika shamba la mjane mmoja, Bibi Tusekile, nilikuta masale manne, ile mimea ya majani marefu, yamepandwa.

"Hayo ni nini?" bwana akauliza.

"Mpaka tu, bwana."

Kwetu Kinyala masale ni mpaka. Nikayakata hadi shinani. Kumbe yalikuwa alama ya kaburi la mumewe, na mwenyewe siku hiyo alikuwa Nkunga msibani.

Hakunifokea. Alinyamaza miaka yote, mpaka nilipostaafu ndipo akaja kwangu. "Tata, uliyeyakata ni wewe. Nionyeshe alipolala."

Tukaenda. Sehemu ya shamba ilikuwa kiwanja cha mwanawe, sehemu imejengwa nyumba ya jirani. Nikahesabu hatua kutoka kwenye bikoni, nikapotea. Bikoni ndiyo ile ile, au waliihamisha walipochimba mtaro? Alama nilizozikumbuka zilikuwa migomba, na migomba niliimaliza mwenyewe. Nilizunguka pale kama mgeni. Bibi ananitazama tu. Niliona aibu, nikanyoosha kidole nyuma ya jiko la mwanawe. "Hapa."

"Ndaga," akasema. Akashukuru kabisa, akapanda masale manne.

Tangu hapo najiuliza kama nilikumbuka au nilimdanganya. Siku nyingine naapa ndipo. Siku nyingine naliona kaburi sebuleni kwa jirani, watu wanakula juu yake.

Wiki iliyopita Bibi Tusekile alifariki. Aliacha neno moja, alazwe ubavuni kwa mumewe. Mwanawe akaniomba nisimamie, kwa kuwa napajua. Masale yalikuwa yamenifika kifuani. Vijana wakaanza kuchimba kando yake, nami nimesimama na kofia mkononi, naogopa jembe lisije likagusa mifupa, na naogopa zaidi kwamba hata wakichimba kutwa halitagusa kitu.