Spika ya Pili

Utomvu wa msonobari ukiungua hunukia karibu kama ubani wa kanisani, ila mkali zaidi, unaokwaruza koo. Juzi jirani yangu hapa Sumbawanga alikuwa anachoma matawi, harufu ile ikanikuta nikifua. Nikaacha nguo, nikakaa juu ya ndoo. Tulikuwa tumemzika baba wiki tatu tu kabla, na harufu hiyo ilinirudisha kwake moja kwa moja.

Ilinirudisha Chala, jikoni kwetu, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Mama alikuwa amefariki mwezi wa sita, wakati ule upepo wa kwetu unapopenya hata ukuta wa matofali. Siku ya maziko baba alitoa betri kwenye redio, akazifunga kwenye kitambaa, akasema haitasikika mpaka misa ya arobaini. Nyumba yenye msiba haipigi redio. Wageni walipoondoka tulibaki wawili. Jioni baba alikula ugali wake wa ulezi, akaniambia, "Asante, mama," akatoka. Ikawa hivyo kila jioni. Sikujua aendako. Nilichojua ni kwamba zamani, redio ikiongea, alikuwa anakaa.

Basi nikaamini kwamba siku redio itakaporudi, ikirudi na sauti nzito ya kujaza chumba, baba atakaa.

Nilikuwa na spika kuukuu niliyoitoa kwenye redio mbovu ya shangazi. Hakuna aliyenifundisha kuiunga kwenye redio ya baba. Nilikuwa nimemwona fundi wa sokoni akiunganisha waya kwa risasi ya kuyeyusha, basi. Yeye alikuwa na umeme. Mimi nilikuwa na msumari wa inchi sita nilioupachika kwenye gunzi la mahindi, nikiupasha kwenye makaa. Risasi niliikwangua ndani ya redio ileile mbovu, na utomvu wa msonobari niliupaka kwenye waya ili risasi ishike. Niliunguza vidole vitatu kabla waya wa kwanza haujakaa.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa akituletea mboga. Siku moja alinikuta nimejaa masizi.

"Wenzako wanacheza rede, wewe unakaanga misumari. Nani atakuoa na vidole hivyo?"

"Nitaolewa na fundi, shangazi."

"Fundi gani? Atakukimbia, utamnyang'anya wateja."

Akacheka, kisha akakumbuka msiba, akajiziba mdomo kwa kanga.

Kwa kuwa kelele zilikatazwa, sauti nilijifunza kwa vidole. Nilichukua betri ya tochi, nikagusisha nyaya za spika kwenye ncha zake, na ile karatasi ya spika ikaruka nje kidogo chini ya kidole changu. Nikigeuza betri, karatasi ilizama ndani. Niliyaona yote mawili bila kuyatilia maanani, maana nilitaka tu kujua kama spika ni nzima. Lakini niliendelea kufanya hivyo siku nyingi kuliko ilivyohitajika. Katika nyumba ile, karatasi hiyo ndiyo ilikuwa inanijibu nikiigusa.

Misa ilipokwisha, baba akanipa betri. Nilikuwa nimezipanga spika mbili, ya redio yetu na ile ya shangazi, ubavu kwa ubavu kwenye boksi la sabuni. Baba akakaa. Nikawasha.

Sauti ilitoka nyembamba, kama mtu anayeongea ndani ya kopo. Kwaya ilikuwa inaimba, lakini ngoma hazikuwepo. Ilikuwa mbaya kuliko ile spika moja ya zamani. Baba alisikiliza akiangalia sakafu.

"Umejitahidi, mama," akasema. Akachukua koti lake, akatoka.

Nikachomoa waya mmoja wa spika ya pili, nione kosa liko wapi, na sauti ikanenepa. Nimepunguza, imeongezeka. Nilikaa nikiwaza hilo, ndipo nikaikumbuka karatasi inayoruka na inayozama. Spika moja ilikuwa inasukuma hewa huku nyingine inaivuta. Nikazigeuza zile nyaya mbili za spika ya pili, nikawasha tena. Mdundo ukanigonga kifuani, vikombe vikatetemeka kabatini.

Nikaenda mlangoni, nikaita baba mara moja, kwa sauti ndogo tuliyoizoea siku zile. Uwanja ulikuwa mtupu. Nikarudi, wimbo ukaisha, nikazima.

Aliporudi nikamwambia, "Baba, imepona."

"Nimefurahi," akasema. Hakuomba kuisikia.

Kesho yake niliiwasha tukiwa tunakula. Alimaliza tonge, akatoka. Tukaenda hivyo wiki nyingi: nawasha, anatoka, nangoja kidogo, nazima. Mwishowe nikaacha kuiwasha. Nilihesabu kwamba kazi yangu haikufaa, na sikumuuliza kamwe, hata nilipokuwa mtu mzima.

Kwenye msiba wake tulikuwa tunachagua mchele, mimi na shangazi, ambaye sasa haoni vizuri. Akasema bila kuinua uso, "Ile redio yako baba yako aliipenda. Alikuwa anakaa nyuma ya kihenge cha mahindi anaisikiliza, analia. Hakutaka umwone."

"Shangazi, mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Kitu kimoja tu alikuwa analalamikia. Alisema, huyu mtoto ananizimia mapema."

Kihenge kilikuwa hatua kumi kutoka mlangoni. Nilidhani nawasha redio katika nyumba isiyo na mtu wa kuisikia. Kumbe kila jioni nilikuwa namkatiza baba kilio chake katikati, ili kuokoa betri.