Sampuli ya Sauti

Mwanangu aliongea nyumbani tu. Akishavuka kizingiti cha chumba chetu hapa Igawa alikuwa jiwe, na shuleni alikuwa jiwe lililovaa sweta la kijani. Shule yenyewe ni ya awali na msingi, ya kanisa, imeshikana ukuta na kanisa. Asubuhi watoto wanasimama mstarini, wanaimba, wanasema Baba Yetu, halafu wanaingia darasani kuhesabu vifuniko vya soda. Mwanangu alisimama nao, alifumba macho nao, na vifuniko alivihesabu kwa kuvisogeza kimoja kimoja bila kukosea. Ila mdomo haukufunguka toka Januari.

Mwezi wa nane mwalimu mkuu akaniita ofisini. Ni mama wa makamo, mpole, na wapole ndio wagumu kushusha bei.

"Mama, mtoto wako hasemi."

"Anasema, mwalimu. Nyumbani hanyamazi."

"Kuna mzazi aliniambia wake nyumbani anaimba. Sasa hivi yuko Mbeya mjini, bweni, kwenye shule ya viziwi. Anaendelea vizuri sana."

"Wangu anasikia."

"Inawezekana. Lakini darasa la kwanza ni kusoma kwa sauti. Mwalimu atajuaje kama amesoma?"

Mimi nauza mchele kando ya barabara kuu. Mabasi ya Iringa yanasimama kidogo tu, na katika kidogo hicho inabidi uwe umesalimia, umesifia, umekataa bei, umekubali bei na umerudisha chenji. Mdomo ndio mtaji wangu. Abiria wangapi nimewaambia mchele huu ni wa Kyela, wakabeba wakishukuru, na umekobolewa hapa jirani Ubaruku asubuhi ile ile. Sasa siku niliyosema kweli tupu, bila kuichanganya na chochote, sikupata mteja.

Nikafanya ninachokijua.

"Akisema neno moja mbele yako, mwalimu, utamchukua?"

"Nitamchukua."

"Neno lolote?"

"Lolote."

"Hata 'hapana'?"

"Hata 'hapana', mama. Lakini kabla ya kufunga shule. Baada ya hapo nafasi tunampa mwingine, na wewe nitakusaidia kuandika barua ya bweni."

Nilitoka nikijua nimepata bei nzuri. Nilichokosa ni bidhaa.

Huyu mtoto nilimwacha kwa bibi yake Madibira akiwa bado ananyonya, nikaja barabarani kutafuta. Bibi alipofariki, akaletwa kwangu akiwa na nguo zake kwenye mfuko na kuku mmoja kishingo, wale ambao shingo yao haina manyoya. Kuku alikuwa wa bibi. Tulikuwa hatujuani vizuri, mimi na mwanangu, lakini kwa yule kuku alikuwa na maneno yote. Akiamka, "kamwene" kwa kuku, kama bibi alivyomfundisha kusalimia wakubwa. Kisha habari, umbea, makaripio, Kisangu kikichanganyika na Kiswahili. Mimi nilipata mabaki: nipe maji, viatu vinabana, kwa nini hujui kupika kama bibi. Nilikuwa nimeridhika na mabaki. Kumpeleka bweni kulimaanisha kumpoteza kabla sijamaliza kumpata.

Nilianza na biskuti. Nikaenda kwenye viatu vyenye taa kisiginoni. Nikamwambia, mama, mwambie mwalimu "shikamoo" tu, moja, halafu usiseme tena mpaka uolewe. Alipokea biskuti, alivaa viatu, akanyamaza mbele ya mwalimu huku taa zinawaka.

Ndipo nikafikiria bambo. Kwetu sisi wa mchele, hakuna anayenunua gunia kwa kuambiwa. Unachukua bambo, kile chuma chenye mfereji, unachoma gunia ubavuni, punje zinateleza zinatoka, mnunuzi anaziona kiganjani. Nikasema, basi mwalimu anataka sampuli. Jumapili nikaficha simu nyuma ya ndoo ya maji, ikarekodi, mtoto akiongea na kuku wake hadi uji ukapoa.

Jumatatu nikaingia ofisini, mtoto nimemshika mkono. Hilo sikulifikiria hata kidogo. Nikaweka simu mezani, nikabonyeza. Sauti yake ikajaa ile ofisi.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. "Hiki ni Kisangu?"

"Kisangu. Hapo anapogomba ndipo Kiswahili."

"Mama, usiudhike. Nitajuaje kuwa ni yeye? Inaweza kuwa sauti ya mtoto yeyote."

Sikuudhika. Mimi mwenyewe nimewahi kuonyesha punje za gunia moja nikauza la pili. Nikageuka nimwambie mtoto, haya, mwambie ni wewe. Alikuwa ameziba masikio kwa mikono miwili, na macho yake yako kwenye simu.

Jioni ile alimlisha kuku bila salamu. Asubuhi vilevile. Maji akayachota mwenyewe, viatu vilivyobana akavivaa vikiwa vinabana. Gunia likichomwa bambo, unasugua lile tundu kwa kidole, linajifunga. Nilijaribu kusugua. Niliomba msamaha, nikafuta ile sauti mbele yake, nikazima simu na kuifungia kabatini, nikakosa wateja wa jumla siku nzima. Usiku nikahesabu maneno ya siku ile: hakuna. Nikahesabu tena, kwa mazoea.

Wiki zikapita hivyo. Chumba kimoja, watu wawili na kuku, na anayesikika ni kuku peke yake. Nikaanza kufikiri labda mwalimu aliona mbali kuliko mimi. Nikamwendea Mungu. Sikuwa na cha kumpa asichokuwa nacho, nikamwahidi kuacha Kyela: nitasema Ubaruku, mchana kweupe. Nikatimiza wiki mbili. Mauzo yakashuka, mtoto hakuongea. Nikarudi Kyela.

Mwezi wa kumi ikaja ibada ya mavuno ya shule. Mwalimu aliwaambia watoto kila mmoja alete kitu kutoka nyumbani, tena kile anachokipenda, siyo kilichobaki. Mimi nilifunga kwenye mifuko miwili kilo mbili za chenga, zile punje zilizovunjika mashineni. Nilizipepeta vizuri, nikajiambia mbinguni hawaangalii urefu wa punje. Mtoto aliitazama ile mifuko, akaiacha palepale, akainama chini ya kitanda akamtoa kuku.

"Huyo hapana," nikasema. "Huyo wa bibi."

Akamkumbatia, akatangulia. Nikabeba chenga nikamfuata.

Baada ya ibada, kama ilivyo desturi, sadaka zote zinapigwa mnada nje. Vitu vilipangwa kwenye varanda ya darasa: maboga, mihogo, mayai, magimbi, na kuku wamefungwa miguu. Wazazi walikuwa bado wanasalimiana. Mimi na mwalimu mkuu tulikuwa nyuma ya nguzo tukipanga mifuko ya mchele, na yangu niliisukuma nyuma ya mingine.

Ndipo nikamsikia.

Alikuwa amechuchumaa upande wa pili wa nguzo, ametupa mgongo, anamwambia kuku polepole, nusu Kisangu nusu Kiswahili. Asiogope. Kwamba bibi alienda kwa Mungu na yeye sasa anaenda kwa Mungu, watakutana, amsalimie. Amwambie viatu vina taa.

Mkono wangu ulikwenda mfukoni kwenye simu wenyewe. Mwalimu akaushika. Akaushikilia pale pale, kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Umesikia," nikanong'ona. "Tulisema moja. Hayo ni mengi."

"Nyamaza, mama," akasema.

Sijawahi kuambiwa hivyo nikatii.

Mnada ukaanza. Mnadishaji alikuwa mzee wa kanisa mwenye sauti ya jogoo wa kwanza. Maboga yalikwenda, magimbi yalikwenda, chenga zangu hazikupata mtu, zikaachiwa jiko la shule. Akamwinua kishingo juu.

"Elfu kumi," akasema kijana mwenye kibanda cha chipsi. "Huyu shingo ameshanyonyolewa. Kazi yangu imebaki nusu."

Watu wakacheka. Mwanangu hakucheka. Alinitazama. Toka siku ya simu hakuwa amenitazama hivyo, moja kwa moja, na nilijua anachotaka. Nilikuwa na pesa kwenye fundo la kitenge. Nikafungua mdomo.

"Usimnunue," mwalimu akaniambia sikioni. "Ukimrudisha nyumbani, na maneno yatarudi nyumbani."

"Ataliwa, mwalimu."

"Niachie mimi."

Mnadishaji: "Elfu kumi, mara ya kwanza."

 Mwalimu alikuwa anahangaika na zipu ya pochi.

"Elfu kumi, mara ya pili."

Mimi ambaye nimeshinda makuli, makondakta na maaskari wa barabarani, nilisimama na mdomo wangu wote nikamwacha mwanangu anitazame. Nimekaa na njaa, nimezika mama. Sikumbuki kitu kilichokuwa kirefu kama pale.

"Kumi na mbili," mwalimu akasema.

"Kumi na tatu," wa chipsi.

"Kumi na tano. Na wewe kijana nilikufundisha kushika penseli, kwa hiyo angalia."

Kijana akainua mikono. Mnadishaji akapiga meza. Kwetu aliyenunua huwa anaweza kurudisha kitu mnadani, kiuzwe tena, kanisa liongeze. Akamuuliza, "Mwalimu, unamrudisha?"

"Hapana. Huyu anaandikishwa shule."

Kuku akapewa kona nyuma ya jiko la shule, penye joto. Mwalimu akaniambia nafasi ya darasa la kwanza ipo, yeye ameshasikia, na kwamba hatamwambia mtoto kuwa amesikia. Nikamshukuru. Nikarudi nyumbani kwenye chumba ambacho sasa kilikosa kuku na sauti pia. Nilikuwa nimemuuza mwanangu kwa faida, nikabaki sina hata wa kulalamikia.

Siku zikaenda. Wapishi waliniambia kila mapumziko yuko kule nyuma, anaongea mpaka kengele. Nilifurahi kama mtu anayesimuliwa karamu.

Jioni moja nilikuwa namwosha miguu kwenye beseni. Akasema, "Anakula nini kule jioni?"

Nilikuwa na majibu matano. Nikayameza yote.

"Sijui. Kamuulize mwalimu."

Akanitazama kama mnunuzi aliyeonyeshwa gunia lililolowa. Akatoa miguu kwenye maji, akaenda kulala.

Jioni iliyofuata nikaweka beseni, sikuuliza kitu. Nikaosha mguu wa kwanza. Nikaosha wa pili.

"Uji uliobaki," akasema. "Na zile chenga zako."

Sikumuuliza nani amemwambia.