Boti la mbio la Mzee Margwe lilikuwa na gia tano za kurudi nyuma

Wakuu, poleni na majukumu.

Mimi ni msomaji wa humu wa siku nyingi ila huwa sikomenti. Hata kulaiki naona aibu, nahisi kama mwenye uzi ataniona. Huu nimeuandika kwa siku nne, kidole kimoja, simu yenye kioo kilichopasuka. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo mkikuta herufi imeruka mnivumilie.

Ila kilichomo humu nilikiona kwa macho yangu. Kuna sehemu moja nilidanganya, nayo nitaisema mwenyewe tukifika.

Natokea Gitting, Hanang. Kazi yangu ni ufundi wa injini: matrekta, mashine za kusaga, kombaini za kuvuna ngano. Ninafanya kazi chini ya Fundi Paskali, mtu wa umri wa baba yangu. Kila ninachojua kuhusu injini amenifundisha yeye. Kuhusu boti hakunifundisha kitu, kwa sababu na yeye hajui. Sisi ni watu wa mlimani. Maji tuliyozoea ni ya kwenye ndoo.

Sasa, upande wa Basotu kuna ziwa. Siyo kubwa, ukisimama huku unaona ng'ombe wa ng'ambo, ila viboko wamo. Karibu na ziwa hilo anaishi Mzee Margwe, na Mzee Margwe ana boti la mbio.

Najua mnacheka. Hata mimi nilicheka.

Hadithi yake ni hii. Zamani sana, yeye akiwa kijana, kulikuwa na mgeni mmoja aliyelileta boti hilo kwa ajili ya kujifurahisha mwisho wa wiki. Jembamba, jekundu, pua ndefu kama ya panya buku. Kazi ya Margwe ilikuwa kulisukuma liingie majini asubuhi na kulivuta litoke jioni. Miaka na miaka. Hakuwahi kukaa ndani hata mara moja. Mgeni alipoondoka injini ilikuwa imeshakufa, akamwambia boti ni lako.

Basi likakaa kwenye banda la mabua ya mahindi. Kuku wakataga ndani. Lakini kila Jumapili akitoka kanisani Mzee alikuwa analiosha. Nililiona mara ya kwanza nilipoenda kutengeneza mashine yake ya kusaga, nikasimama kulitazama mpaka chai yangu ikapoa. Ndipo akaniuliza kama linaweza kutembea tena. Nikasema labda, Mzee. Kwa mtu kama mimi "labda" ni hotuba ndefu.

Shida ilikuwa jirani yake, Gidamis.

Gidamis ni Mbarbaig, ana ng'ombe wengi kuliko uvumilivu wake. Yeye na Mzee Margwe wanataniana tangu ujana. Alikuwa amelitazama boti lile kwa muda mrefu akaona kitu kimoja tu: hori. Hori refu, halivuji, halioti kutu, ng'ombe kumi wanakunywa kwa pamoja. Akaahidi kutoa mtamba mmoja mzuri ili alichukue.

Mama, yaani mke wa Mzee, alikuwa ameshampenda yule mtamba.

Mzee akabanwa pande zote mbili. Mwisho akasema mbele yao wote, "Jumamosi ya mnada. Boti likifika ng'ambo na kurudi, ni langu na msiniulize tena. Likishindwa, Gidamis lete mtamba wako."

Gidamis akajibu, "Nitakuja naye kabisa, asije akachoka kusubiri."

Kwa hiyo hapo ndipo mimi na Fundi Paskali tulipoingia.

Injini ya zamani ilikuwa ya petroli, kubwa ajabu, panya wamekula nyaya zote na kutu imekula kilichobaki. Nyuma yake kulikuwa na mguu wa chuma unaoshuka majini kuzungusha propela. Meno ya ndani ya mguu ule yalikuwa yamesagika kama ya mbuzi mzee. Spea hakuna, na tungezipata wapi, kwetu tunaulizwa spea za plau tu.

Fundi akaamua tufungue vyote. Tukaweka injini ya dizeli ya lori dogo, pamoja na gia boksi yake vilevile ilivyokuwa kwenye lori. Kutoka kwenye gia boksi tukapitisha shafti iliyonyooka mpaka nje chini ya boti, tukaifunga ile propela ya zamani ya shaba. Usukani wa majini tukaukata kutoka kwenye sahani ya plau. Pampu ya kuvuta maji ya kupoza injini ilikuwa ya kumwagilia bustani ya vitunguu.

Kazi ilikuwa safi, wakuu, sijisifu. Injini iliwaka kwa stata ya kwanza.

Siku mbili kabla ya Jumamosi tukafanya majaribio nchi kavu. Boti tumelipandisha kwenye magogo, chini ya propela tumeweka pipa lililokatwa nusu, limejaa maji. Mimi nilikuwa ndani nimeshika mafuta na gia, nimegeuka natazama nyuma. Fundi alisimama pembeni, upande wa mbele wa pipa. Mzee alisimama nyuma ya pipa, amevaa viatu vya kanisani.

Nikaweka namba moja, nikaachia klachi.

Maji yakaruka yote yakampiga Fundi kuanzia kiunoni kushuka. Suruali yote chapachapa.

"Unaona nguvu hiyo!" Fundi akapiga kelele kwa furaha.

Mimi nikawa natazama viatu vya Mzee. Vikavu kabisa.

Nimewaona wavuvi wa pale wakipiga kasia. Wanasukuma maji nyuma, mtumbwi unaenda mbele. Letu lilikuwa linasukuma maji mbele. Hata mtu wa mlimani anaweza kumaliza hesabu hiyo. Injini ya lori inazunguka upande wake, na propela ile ilitengenezwa kwa kuzunguka upande mwingine.

Nilijua pale pale. Na nikanyamaza.

Labda kwenu huko mjini ni rahisi. Kwetu huwezi kumwambia mtu mzima amekosea mbele ya mwenye kazi. Mkubwa unampa shikamoo asubuhi, halafu mchana umwambie injini yake inaenda kinyume? Nikasema nitamwambia jioni. Jioni akawa na njaa. Kesho yake asubuhi nikafanya mazoezi peke yangu nikiosha spana: "Fundi, samahani, kuna kitu." Ilitoka vizuri sana. Alipokuja nikamwambia, "Fundi, samahani, kuna chai."

Jumamosi ikafika.

Watu walikuwa wengi kuliko nilivyoomba Mungu. Wengine walipitia wakienda mnadani na ng'ombe wao, wakasimama, na ng'ombe nao wakasimama. Gidamis alikuja na shuka lake jeusi, fimbo mkono mmoja, kamba ya mtamba mkono mwingine. Mama alikuwa na kamba ya kupimia. Sijui alikuwa anapima nini, lakini alizunguka boti mara mbili.

Mzee Margwe alivaa koti la suti.

Vijana wakasukuma boti majini. Mzee akataka kusukuma nao, mkono ukienda wenyewe kwa mazoea, mpaka Mama akamwambia, "Wewe leo unapanda." Akapanda. Akakaa mbele, akashika usukani kwa mikono miwili. Mimi na Fundi tukakaa nyuma, mimi upande wa gia.

Fundi akasema, "Namba moja."

Nikaweka. Boti likaondoka vizuri, laini kabisa, likarudi nyuma moja kwa moja mpaka kwenye matete.

Gidamis akapaza sauti:

"Margwe! Boti lako limenusa viboko, linataka nyumbani!"

Fundi akasema labda namba moja ni nzito, weka mbili. Nikaweka mbili. Likaingia kwenye matete kwa haraka zaidi. Watu wakaanza kushikana mabega kwa kucheka. Mzee mmoja aliuliza kwa heshima zote kama na ya tatu ipo.

Fundi akashuka, maji mpaka kifuani, akafungua propela, akaigeuza mbele nyuma, akaifunga tena. Wakuu, hapa wenye ufundi mnaelewa. Chukua nati, igeuze upendavyo, meno yake bado yatafungwa upande uleule. Nilijua na hilo. Nikamshikia spana.

Tukawasha. Likarudi kwenye matete yaleyale, shimo lake lilikuwa bado linatusubiri.

"Basi jamani, msilitese," Gidamis akasema. "Mnyama akikataa kwenda mbele huwa tunampeleka kunywa maji. Hili nitalijaza maji mwenyewe." Akamnyooshea Mama kamba ya mtamba.

Mama akanyoosha mkono kuipokea.

Nikamtazama Mzee. Hakugeuka. Alikuwa bado ameshika usukani, anatazama ng'ambo, na koti lake lilikuwa limeloa mikono yote miwili. Miaka yote ile alilisukuma, na siku aliyopanda alikuwa amesafiri mita ishirini kinyumenyume.

Sasa hii ndiyo sehemu niliyodanganya.

Nikasimama, nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo:

"Fundi, ile ya rivasi uliyoniambia jana, tufanye sasa?"

Fundi hakuniambia kitu chochote jana. Jana tulizungumza kuhusu maharage.

Akanitazama. Wakuu, sijawahi kutazamwa hivyo. Niliona kichwa chake kikizunguka kama mtu anayetafuta namba ya spea: rivasi, shafti, pipa, suruali. Halafu uso ukafunguka.

"Eee," akasema taratibu, kwa sauti ya kusikika mpaka nchi kavu. "Sasa ndiyo wakati wake. Nilitaka kwanza muone linavyorudi nyuma, maana boti lisilojua kurudi nyuma ni la hatari."

Watu wakacheka mpaka ng'ombe wakashtuka. Mimi nikaweka rivasi.

Boti likaenda mbele.

Polepole. Mnajua rivasi ya lori, injini inalia kama inavunja mlima na tairi linazunguka kwa hiari yake. Ndivyo tulivyovuka. Bata walitupita. Kiboko mmoja alitoa kichwa, akatutazama, akaona hatuna madhara, akazama. Lakini tulivuka. Ng'ambo Mzee akagusa tete moja kwa mkono, akalikata, akaliweka mfukoni kama ushahidi, tukazunguka tukarudi.

Njiani kurudi alisema neno moja tu. "Linaenda."

Gidamis alikuwa anasubiri ukingoni. "Hiyo siyo mbio, Margwe. Mimi ningefika mapema nikiwa nimebeba mtamba mgongoni."

"Tulisema ng'ambo na kurudi," Mzee akajibu huku akimwonyesha lile tete. "Hatukusema kwa gia gani."

Gidamis akafikiri, akavuta kamba yake. Mama akamsindikiza yule mtamba kwa macho mpaka akapotea.

Jioni tukiwa tunafuta vyombo vya kazi Fundi Paskali akaniita pembeni.

"Ulijua?"

"Nilijua, Fundi."

"Tangu lini?"

"Tangu suruali."

Nikajua kazi imeisha. Lakini akasema, "Siku nyingine niite pembeni kama nilivyokuita mimi sasa. Ukiniita pembeni hujanivunjia heshima. Ukiniacha niingie kwenye maji ya viboko nimeshika spana, hapo ndipo umenivunjia." Halafu akaanza kucheka peke yake, akacheka mpaka akakaa chini.

Matengenezo yalichukua wiki moja. Wazo lilikuwa langu, na safari hii nilimwita pembeni nikalisema. Tulichukua gia mbili zinazolingana kutoka kwenye kombaini mbovu, tukazishikanisha ndani ya kasha la chuma lenye oili, tukaweka kati ya gia boksi na shafti. Gia mbili zikishikana, moja ikienda kulia nyingine inaenda kushoto. Basi. Gia tano zote zikawa za kwenda mbele. Siku ya kwanza tulipofika namba tatu kofia ya Mzee iliruka, na hakutaka turudi kuitafuta.

Gidamis siku hizi anaomba lifti kwenda kutazama ng'ombe wake wa ng'ambo. Anakaa amegeukia nyuma. Anasema alivyoliona likianza, hawezi kuliamini, lazima mtu mmoja achunge upande ule.

Nilichojifunza mimi ni kwamba aibu yangu niliipa jina la heshima kwa siku mbili nzima, na karibu ingemfanya mzee wa watu apoteze boti lake. Heshima ilikuwa hatua tatu tu pembeni ya pipa, na sikuzipiga.

Wakuu, nawaomba mambo mawili. Wenye uzoefu wa boti, niambieni kama kasha langu la gia litadumu au nitafute propela ya kuzunguka upande wa pili. Na wewe uliyewahi kuona kosa la mkubwa wako ukashika spana ukanyamaza, andika hapa chini ulijitoaje. Nitasoma zote. Nitajaribu hata kulaiki.

Ila kitu kimoja tafadhali. Pale Basotu bado wanaamini Fundi alipanga ile ya rivasi tangu mwanzo, na anaisimulia vizuri kuliko mimi. Hana simu ya intaneti. Mkikutana naye, mwacheni aisimulie.