Injini Iliyotwanga Sombe

Jirani yangu wa ghorofa ya juu akianza kutwanga sombe, mimi huacha ninachofanya. Kama nina kisu mkononi, nakiweka chini. Usinicheke, mwenzangu. Najua ni majani ya muhogo tu, najua ni mama wa watu anawapikia watoto wake, na baadaye harufu ya mawese itashuka ngazi nami nitameza mate. Lakini ule mlio, du... du... du, mzito, wenye kimya kidogo katikati, unanirudisha Mobeni, kwenye karakana iliyonuka petroli na chumvi, nina miaka tisa, na bisibisi ndefu imebanwa sikioni mwangu.

Ilikuwa mwaka uliofuata ule wa mavuvuzela. Tulikaa Albert Park, ghorofa ya saba, chumba na sebule, familia mbili zimegawanywa na pazia. Papa alikuwa fundi wa injini za maboti huko kwetu Uvira, lakini Durban ilimpokea kama ilivyowapokea wengi wetu: miaka minne alilinda magari ya watu barabarani, amevaa kizibao cha njano, anapunga mkono kuwaelekeza madereva wasiomtazama. Kisha akapata kazi kwa Anko Siva. Kila mtu alimwita Anko, hata wazee waliomzidi umri. Alikuwa na karakana ya kutengeneza pikipiki za majini, zile ambazo wenye nafasi zao huzipanda wakarukaruka nazo juu ya mawimbi. Kazi ya papa ilikuwa kuzisikiliza zinapoletwa na kusema kama injini ni nzima au inahitaji kufunguliwa. Mama alishukuru kanisani mpaka sauti ikamkauka.

Sasa niwaambie siri yetu. Papa alikuwa hasikii.

Sikio la kushoto lilioza njiani, wakati wa safari ya kuja huku, na hapakuwa na dawa. La kulia lilikuwa limeanza kulifuata. Watu hawakugundua kwa sababu papa alikuwa mjanja: alisimama upande unaomfaa, alitazama midomo, na akiulizwa jambo asilolisikia aliinamisha kichwa na kukunja uso, mpaka Anko Siva akaamini amepata fundi mwenye busara sana. Lakini injini haina midomo ya kutazamwa. Ndipo Jumamosi moja papa akanishika mkono, akanipandisha taxi ya Mobeni, akamwambia bosi wake kwamba binti yake anapenda sana injini. Loo! Mimi nilipenda injini? Nilipenda viatu vyenye soli za taa.

Namna ya kusikiliza ni hii. Mashine inawekwa juu ya trela, inaunganishwa na mpira wa maji ili isiungue, inawashwa kidogo tu. Unaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma cha injini, pale chini kabisa, na mpini unaubana sikioni. Kila kitu kilichomo ndani kinapanda na ile bisibisi na kuingia kichwani kwako. Chini pale ndipo inapokaa kranki, ule mhimili wenye viwiko unaozungushwa na pistoni, ambao papa aliuita vilbreken kama walivyouita kwao. Maji ya chumvi yakiingia humo, beringi zake huanza kulika, na zikilika sana injini hukwama ghafla. Ukiwa nchi kavu, utasukuma. Ukiwa baharini, utasukuma nini?

Papa hakuwa na maneno ya kunieleza sauti ambazo yeye mwenyewe alikuwa anazisahau. Basi tukatumia jiko la mama. Injini nzima ni mafuta yanayochemka kwenye kikaango. Beringi za pembeni zikianza kulika, ni maharage makavu yanayotikiswa kwenye sufuria. Na pale mkono wa pistoni unapoishika kranki pakilika, hapo ni mama anatwanga sombe. Papa alitangulia kuibana bisibisi sikioni mwake kisha akanipa, ili Anko Siva adhani ananifundisha; nilisikiliza, nikamgeukia papa nikatamka polepole ili aone midomo yangu. Nikisema sombe, aliifungua injini, akaushika mkono wa pistoni kwa vidole viwili, akauvuta juu na kuusukuma chini. Mkono mzima hauchezi namna hiyo hata kidogo. Uliolika unacheza. Na kila niliposema sombe, ulicheza. Papa alinitazama kama mtu aliyeokota kitu barabarani na bado haamini kuwa ni chake.

Miezi mitano tulikwenda hivyo. Siku za katikati ya wiki aliziweka kiporo mashine alizozitilia shaka, akizisingizia hili na lile, mpaka Jumamosi ifike. Nilikuwa naogopa, nisiwafiche. Mama alikuwa amenieleza waziwazi huku ananisuka: "Anko akijua papa yako hasikie, kazi imeisha. Tutarudia mu barabara. Unasikia?" Nilisikia. Katika nyumba ile ni mimi niliyesikia kupita wote.

Kisha ikaja harusi ya Tantine Furaha, mdogo wake mama. Kwetu bibi harusi haingii ukumbini kama anaingia dukani. Watoto na vijana hutangulia wakicheza kwa mistari, hatua mbili mbele na moja nyuma, na wa mbele kabisa ndiye anayetazamwa na watu wote. Wa mbele nilikuwa mimi. Nilishonewa gauni jeupe lenye riboni ya zambarau. Mazoezi yalikuwa Jumamosi saa sita kamili, na aliyetufundisha alikuwa amesema wazi kwamba atakayechelewa, nafasi yake anapewa Divine. Divine! Msichana ambaye hakujua kulia ni wapi na kushoto ni wapi.

Jumamosi hiyo tulikuwa tumebakiwa na mashine moja. Saa tano ilipokaribia, mwenyewe alifika kuichukua, baba mmoja wa Westville, na binti yake. Yule binti alikuwa wa rika langu, ameshavaa kabisa jaketi la kuelea, la rangi ya chungwa, kubwa mpaka linamfunika kidevu. Alinionyesha ulimi kwa utani, nami nikamwonyesha wangu. Papa akawasha. Nikaweka bisibisi.

Du... du... du.

Ilikuwa sombe, wala si ya kubahatisha. Nilijua pia kinachofuata: papa angeifungua ile injini, angeng'ang'ana nayo mpaka saa tisa, nami ningekaa juu ya ndoo nikimwazia Divine amevaa gauni langu.

"Iko namna gani?" papa akauliza.

"Iko muzuri, papa. Ni mafuta inachemka."

Alinikazia macho. "Kweli?"

"Kweli."

Akamgeukia Anko Siva, akanyanyua kidole gumba, akasema, "Sharp, boss." Yule binti akarukaruka kwa furaha. Baba yake alisema watakwenda kuitia majini bandarini mchana huohuo.

Saa sita nilikuwa mstari wa mbele. Muziki ukapigwa, na miguu yangu ikakataa. Hatua mbili mbele, du. Moja nyuma, du. Wenzangu walikwenda kushoto, mimi nikaenda kulia, Divine akacheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa namwona yule binti na kidevu chake ndani ya jaketi. Nilijiambia labda nimesikia vibaya. Nilijiambia labda injini itavumilia leo tu. Nikamwomba Mungu aitengeneze mwenyewe, tena haraka, kwa sababu hana kazi nyingi Jumamosi. Hivyo ndivyo nilivyoomba.

Niliporudi nyumbani, mama alikuwa jikoni na kinu katikati ya miguu, anatwangia wageni wa harusi. Nilipousikia ule mlio nilipiga ukelele. Mama aliangusha mchi. Papa hakusikia, lakini alituona, akatoka na povu la sabuni shavuni, nusu amenyoa nusu bado. Nikamwambia. Ilibidi nirudie mara mbili kwa sababu midomo yangu ilikuwa inatetemeka na hakuweza kuisoma. "Ilikuwa sombe, papa. Nilidanganya. Ilikuwa sombe."

Hakunipiga. Laiti angenipiga! Alifuta povu kwa mkono, akamwambia mama ampigie Anko Siva simu, akashuka ngazi ghorofa saba bila kungoja lifti. Nikamfuata. Kutoka Albert Park mpaka bandarini si mbali, lakini siku hiyo kila robot, zile taa za kuongozea magari, ilikuwa nyekundu, na papa, asiyesikia honi, alivuka zote. Nilikimbia nyuma yake nikilia, nikiwaona madereva wanamtukana na yeye hajui.

Kwenye mteremko wa kushushia maboti tulikuta trela tupu. Viatu vya yule binti vilikuwa vimepangwa vizuri pembeni, soksi zimekunjwa ndani yake.

Sijui tulisubiri muda gani. Anko Siva alifika akapiga simu ya yule baba, ikaita bila kupokewa, kisha ikaacha kuita. Papa alisimama ameyakaza macho majini, na mimi nilisikiliza. Nilisikiliza kuliko nilivyowahi kusikiliza maishani mwangu, nikitafuta mlio wa injini ndani ya upepo ule. Nilipoupata, haukuwa wao. Ilikuwa boti ndogo ya watu wengine, na nyuma yake, kwenye kamba, pikipiki ya majini iliyokufa kimya. Yule baba alikuwa amekaa juu yake na binti yake amemkumbatia. Walikuwa wazima. Binti midomo ilikuwa imembadilika rangi kwa baridi, na aliponiona safari hii hakunionyesha ulimi.

Injini ilikuwa imekwama nje kabisa ya lango la bandari, kwenye njia ya meli. Baba yake alitushukia kwa matusi, na ni haki yake. Anko Siva alimwacha amalize, kisha akamgeukia papa akamuuliza taratibu, "Si uliisikiliza?"

Nikafungua mdomo. Papa alikuwa ameshika mkono wangu, na hapo aliubana, akaubana mpaka vidole vikalia. Nikafunga mdomo. Akasema kwa Kiingereza chake kilichovunjika kwamba aliisikiliza, na alikosea, kwa sababu masikio yake yamekufa na amemficha bosi siku zote tangu alipomwajiri. Siri yetu akaiweka pale chini, karibu na vile viatu.

Hakufukuzwa. Anko Siva alisema tu, "Eish, man," akamwambia Jumatatu aje aifungue ile injini. Lakini kusikiliza alinyang'anywa, akapewa kijana mwingine, na kwa karibu mwaka mzima papa aliosha vyuma vya wenzake. Jumatatu jioni alirudi na kipande cha beringi, kidogo kama ncha ya kidole, kimechimbika kama jino bovu. Akanipa nikishike. Harusini nilitangulia mbele na gauni langu jeupe, watu wakapiga vigelegele, na sikumbuki hatua hata moja.

Hakunipeleka tena Mobeni. Mimi nikaelewa kama mtoto anavyoelewa: kwamba ule mkono alinibana kwa hasira, na kwamba tangu siku ile hanitaki. Miaka mingi niliishi na hilo. Nilikuwa namletea chai bila kumtazama.

Sasa papa hasikii kabisa, na mwaka jana nilikaa mbele yake, mwanga usoni, nikamuuliza polepole kwa nini siku ile hakuniacha niseme ukweli. Uongo ulikuwa wangu. Aliipoteza heshima yake kwa ajili ya gauni.

Alinishangaa, kana kwamba nimeuliza kwa nini mtu huvaa viatu miguuni.

"Weye ulikuwa sikio yangu," akasema. "Sikio ya mutu ikikosa, nani anaomba pardon? Ni sikio ao ni mutu?"