Nilishika maiki nikamwaga siri ya Kapteni mbele ya mke wake

Wakuu, heshima kwenu popote mlipo.

Naanza na ujinga wangu ili mwenye hamu ya kunitukana asisubiri hadi mwisho. Siku ya kumaliza msiba wa rafiki yangu, hema mbili zimejaa watu, nilipewa maiki nikasimulia jambo ambalo marehemu aliniomba mke wake asilijue kamwe.

Mke wake alikuwa amekaa mstari wa mbele. Kati yangu na yeye kulikuwa na meza ndogo, maua na picha ya mumewe.

Sijatia chumvi humu. Kama kuna nilipopunguza, ni kwenye aibu, na hata hapo sijapunguza sana.

Kwanza mnijue. Ni Mnyarwanda niliyekulia Karagwe, shule niliishia form four, matokeo msiniulize. Nashona nguo nyumbani kwangu Ndera, hapa Kigali. Sare za shule, mashati, kupunguza suruali za waliokonda na kuongeza za walionenepa.

Mimi ni mtu wa ndani. Nikishuka mjini Muhima kununua uzi na vifungo, jioni napitiliza kulala kama mtu aliyetoka Ulaya.

Rafiki yangu mtaa mzima ulimwita Kapteni. Alikuwa rubani, nyumba ya tatu kutoka kwangu, naye alikulia upande wa Tanzania kama mimi, ndiyo maana Kiswahili kilitukutanisha.

Msifikirie zile ndege za kupewa juisi na blanketi. Yake ilikuwa na viti viwili mbele, nyuma magunia na maboksi ya dawa. Alitua kwenye viwanja vilivyofyekwa kwa panga, huko ng'ambo ya mpaka, ambako lazima kwanza upite chini ufukuze ng'ombe, uzunguke, ndipo urudi kutua kabla hawajarudi wao.

Na alikuwa anaipenda kazi hiyo, tusidanganyane. Akiona wingu jeusi anatabasamu kama mtu aliyeona shemeji wa kutaniana naye.

Mimi alinitania bila huruma.

"Fundi, hata cherehani yako imesafiri kuliko wewe. Yenyewe angalau ilitoka kiwandani."

Nami namjibu: "Kapteni, lazima mmoja abaki chini, wa kuonyesha watu mwenzake alianguka wapi."

Anacheka mpaka anapiga goti.

Lakini huyohuyo mpenda mawingu, nyumbani alikuwa mtu mwingine. Watoto watatu: Ineza, binti mkubwa, na mapacha wa kiume. Sare zao nilishona mimi, ila pasi alipiga yeye, asubuhi, akiwa amevaa shati lake la kazi lenye mistari mabegani. Mahali popote alipopata mtandao, hata dakika mbili, alipiga simu kuuliza hesabu za Ineza zimefikia wapi.

Kuna mkutano wa wazazi alitokea uwanja wa ndege moja kwa moja, akaogopa kuchelewa, akaingia darasani na samaki mkubwa wa kukaushwa aliyepewa safarini. Hakuna pa kumweka. Akakaa naye mapajani mkutano mzima, akinyoosha mkono kuuliza maswali. Darasa lilinuka wiki nzima. Ineza aliona aibu mwaka mzima.

Sasa hapa ndipo mambo yalipo.

Kila akirudi safari, pikipiki ilimshusha getini kwangu, haikumfikisha kwake. Anaingia, anakaa kwenye kigoda karibu na cherehani, begi katikati ya miguu. Saa nzima, siku nyingine zaidi. Halafu anapanda kwake. Ilikuwa hivyo miaka kumi na mmoja.

Siku moja aliingia na matope hadi magotini, shati limechanika bega. Akalivua, akanipa nishone, akabaki na singlendi. Akaniambia injini ilikata juu ya milima, yeye na fundi wake wa ndege. Kimya kabisa, wakuu. Anasema kitu kilichomtisha ni ule ukimya, alikuwa anasikia upepo tu na fundi wake akisali Baba Yetu, anakosea maneno. Akaona bonde lenye majani, akateremka nalo. Ndege ilisimama pua ikiwa ndani ya mahindi.

"Shemeji yako asijue," aliniambia. "Akijua hatalala. Na mimi nikijua halali, sitaweza kuruka."

Nikashona bega, nikaapa.

Nyumbani akasema shati lilinaswa na mlango wa ghala.

Kapteni hakufa na ndege. Alikufa kitandani, kwa ini, miezi minne tangu aanze kuugua. Mtu aliyepita juu ya milima yote ile alishindwa kuvuka kutoka kitandani hadi dirishani. Wiki ya mwisho Ineza ndiye alimsukumia kitanda karibu na dirisha ili aone mawingu. Hakuyatabasamia. Aliyatazama tu.

Tukamzika. Baada ya siku za maombolezo ikafika siku ya gukura ikiriyo, ambayo kule Karagwe tungesema kuanua matanga. Watu wanakaa, wananawa mikono, wanapewa fanta au kitu kikali kidogo, halafu wanasimama mmojammoja kutoa ushuhuda wa marehemu.

Mshereheshaji akasema: "Tuambieni jambo la marehemu ambalo familia haikulijua."

Hapa Kigali kila mtu anajua maana ya maneno hayo. Yanaomba wema wa siri. Kuna mama alisema Kapteni alimpakia mgonjwa wake akaacha magunia uwanjani, akagombezwa kazini wala hakujitetea. Kuna kijana alisema alifundishwa naye kuendesha gari. Watu wanalia vizuri, kwa utaratibu.

Ikafika zamu yangu. Mimi nikasikia "ambalo familia haikulijua", nikalichukua kama lilivyo.

Nikaanza na ng'ombe uwanjani. Watu wakacheka. Wakuu, mimi sijawahi kuchekesha hema. Nilihisi joto masikioni. Mtu ambaye hajaenda popote, akipewa safari ya mwenzake aisimulie, huisimulia kama ni yake. Nikaingia kwenye milima, injini, Baba Yetu ya kukosea, bonde, mahindi. Nikaongeza na mikono, nikaonyesha ndege inavyoteremka. Nikamalizia: "Na hata shati ni mimi nililishona, nyumbani wakaambiwa ni mlango wa ghala!"

Mahema yalicheka. Halafu mstari wa mbele ukaacha kucheka, na kimya kikarudi nyuma mstari kwa mstari hadi wa mwisho, ndipo kikanifikia mimi.

Shemeji hakulia. Aliweka chupa yake chini taratibu, akasimama, akaichukua ile picha ya mume wake mezani, akaingia nayo ndani.

Mshereheshaji akasema, "Asante Fundi," kwa sauti ya kumfukuza mbuzi, akaomba wimbo.

Siku tatu hakuna salamu kutoka nyumba ile. Ineza alikuja kuchukua suruali za wadogo zake, nikamvutia kigoda, akasema, "Mama amesema nisikae." Mtoto niliyemshonea gauni la ubatizo.

Siku ya nne, asubuhi, Shemeji alikuja mwenyewe. Alisimama mlangoni.

"Ilikuwa mara moja, au zilikuwa nyingi?"

"Shemeji, kaa kwanza."

"Sikuja kukaa. Miaka kumi na mmoja napasha chakula mara mbili. Nasikia pikipiki imesimama kwako, nawaambia watoto baba yenu huyo, na baba hafiki. Nilidhani anaipenda nyumba yako kuliko yetu, nikanyamaza. Sasa naambiwa na maiki kwamba alikuwa ananidanganya pia. Watu wanakuja kunipa pole, nashindwa kujua wananipa pole ya nani. Huyo niliyeishi naye ni nani, Fundi?"

Wakuu, nilitaka kusema samahani. Lakini nilimwona usoni, nikajua samahani yangu hana pa kuiweka. Alikuwa anaomba arudishiwe mume wake amlilie.

Nikamwambia lile jingine, ambalo hata sikulihesabu kuwa siri kwa sababu halikuwa na ndege ndani yake.

Kwamba Kapteni akirudi kutoka safari mbaya, mikono yake ilikuwa inatetemeka. Angani ilikuwa imetulia, inaanza akishafika chini. Anaingia kwangu, haongei, ananyoosha mkono. Nampa sindano na uzi. Anajaribu kutunga. Uzi unapita pembeni. Anasubiri, anajaribu tena. Mimi naendelea kushona, najifanya sioni. Siku nyingine mara tatu tu umeingia. Siku ya lile bonde nilimaliza sare mbili nzima, bado anahangaika na tundu.

Ukishaingia, anaweka sindano mezani, anachukua begi.

"Sasa naweza kumshika mtoto," ndivyo alivyosema kila siku. Halafu anapanda kwenu.

"Hakuja kunitembelea mimi, Shemeji. Mimi na uvivu wangu wa kutoka nilikuwa nadhani ni kwa ajili ya stori zangu. Alikuwa anaiacha ile mikono hapa ili isifike kwako."

Shemeji alivua viatu mlangoni. Kisha akaingia, akakaa kwenye kile kigoda. Akanyoosha mkono.

Nikampa sindano na uzi.

Sitawaficha, sikuweza kumtazama. Nilikanyaga cherehani kwenye kitambaa kitupu, hakuna hata nilichokuwa nashona. Nilimsikia akilia, ule wa pumzi, bila sauti. Uzi ulimpita mara nyingi. Aliulowesha mdomoni, akajaribu tena. Nje watu waliamkia wakapita, jua likahama kutoka mlangoni hadi ukutani.

Ulipoingia, aliweka sindano mezani, akafuta uso kwa kitenge.

"Leo uje uwaambie na watoto," akasema. "Hivyohivyo. Bila maiki."

Nilienda. Yaliyosemwa mle ndani ni yao, hayo siandiki, nimeshajifunza kidogo. Nitasema tu kwamba picha imerudi sebuleni, na jana Ineza alikuja kuchukua kaptura za mapacha akakaa hadi nikamtafutia visingizio aende kusoma.

Nililolipata mimi kwenye hili: mtu akikuachia siri, amekuachia na sababu yake. Ukitoa siri ukaiacha sababu nyuma, umemwibia marehemu. Na jambo linalochekesha hema linaweza kuwa ndilo dogo kuliko yote uliyokuwa nayo.

Wenye uzoefu naombeni maoni. Siri ya marehemu mnaibeba mpaka wapi? Ningekuwa nimenyamaza, Shemeji angekufa anaamini aliibiwa saa moja kila safari. Nimesema, nikamuumiza mbele ya mtaa. Sijui bado nilipaswa kuingilia mlango gani. Wa kunitukana pia karibuni, ila mpange mstari, mke wangu yuko mbele.

Na mstarini yupo pia Mama Divine, jirani yangu wa ukuta mmoja, mama wa Kikongo asiyepitwa na neno. Alisikia yote asubuhi ile. Shemeji alipokwisha kuondoka, akachungulia juu ya ukuta na ndoo yake ya nguo mkononi, akaniambia, nanukuu kama alivyosema:

"Weye Fundi iko na kichwa ya kuku. Ile ya ndege kuanguka unapigia watu wote kwa maiki, ile ya sindano unafungia ndani ya nyumba. Sikia: siku mimi nitakufa, usiseme kitu. Kunywa fanta yako, rudi kwako."