Meneja Wangu Mwenye Sauti Nzito

Jamani, msinicheke kabla sijamaliza! Mimi ni mwanamke wa Skuta, hapa Nyeri, na kazi yangu ni kuzunguka miji ya mlimani na Guka, kikaragosi mwenye sura ya mzee, ambaye namsemesha bila kufungua mdomo. Wateja walikuwa wakinidharau kwa simu, basi nikaanza kuwajibu kwa sauti nzito ya Guka na kujiita meneja wangu.

Mwezi jana alipiga Madam Nekesa, mwalimu mkuu wa shule moja ya Chaka. Tulielewana upesi kuhusu onyesho la siku ya wazazi. Kesho yake akapiga tena, na safari hii hakuuliza habari za kazi.

"Meneja, uko na bibi?"

"Sina," nikajibu, na kusema kweli sikudanganya!

Akacheka kwa furaha. "Basi siku ya wazazi usikose."

Nilipofika nilimkuta amevaa gauni jipya, na kando yake ameweka kiti kitupu. Nikamwambia meneja yuko njiani. Ati njiani! Kisha nikapanda jukwaani, wazazi wakashangilia, nami nikachangamka hadi nikasahau kila kitu. Nikamketisha Guka gotini, nikampanua kinywa.

"Hamjambo watu wa Chaka!" akanguruma.

Wote waliangua kicheko isipokuwa Madam Nekesa. Alisimama polepole, akamtazama Guka, akanitazama mimi, halafu akauliza mbele ya shule nzima, "Meneja... ni wewe?"