Bakteria wa Tumbo la Sidi

Sidi, mke mwenzangu, amezaliwa na bahati ya kudekezwa. Sote wawili tulitolewa vinyama kwenye utumbo, vile vinavyoweza kugeuka saratani, katika hospitali moja Malindi. Baadaye watafiti wakapima choo chetu, waone kama bakteria wa tumboni wanaweza kubashiri vinyama vitamrudia nani. Bakteria wangu walikuwa wazuri. Wa Sidi wakaonyesha huenda vikarudi, kwa hiyo yeye atachunguzwa kila mwaka.

Hapa Ganda mume wetu Kalama hulala kwetu kwa zamu. Lakini hospitali haijui zamu. Mwaka huu Sidi aliitwa siku yangu, akajifunga leso mpya, na Kalama akambebea mkoba hadi stendi! Mimi mwenye tumbo zuri nikabaki kupalilia mihogo.

Waliporudi nikamvaa Sidi jikoni kwake. "Nataka siku yangu!"

Hakukasirika. Alikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi.

"Vimerudi, Dama," akasema. "Chukua zamu zangu zote. Nipe hilo tumbo lako."